Kununua na Kufunga Sili za Injini ya Pikipiki ya Zamani

Miongoni mwa malalamiko ya vipuri yanayotufikia, yapo yanayofanana kama mapacha. Mmiliki wa pikipiki ya zamani amefunguliwa injini, silinda imechongwa, pistoni mpya na ringi zake zimenunuliwa, na kila kitu kimefungwa upya kwa gharama kubwa. Baada ya majuma mawili pistoni inakwama ndani ya silinda. Fundi anamlaumu muuza pistoni. Muuza pistoni anamlaumu fundi. Mmiliki anabaki na hasara. Kipuri ambacho hakuna aliyekiuliza ni kile cha bei ndogo kuliko vyote: sili ya kranki, ambayo mafundi wengi huiita oili sili.

Tutazungumzia injini ya mipigo miwili, yaani ile inayochoma oili pamoja na petroli. Mfano wetu ni Yamaha AG100 ya sentimita za ujazo 97, pikipiki iliyozoeleka kwa mabwana shamba na watumishi wengine wa vijijini. Katika injini ya namna hii, chumba cha kranki hufanya kazi ya pampu. Pistoni inapopanda, hewa na petroli huvutwa ndani ya chumba hicho. Inaposhuka, mchanganyiko huo hubanwa na kusukumwa juu kwenda kuchomwa. Kwa hiyo sili mbili za kranki, mbali na kuzuia oili isivuje, hushikilia pumzi ya injini.

Sili ya upande wa magneto hukaa pakavu. Ikichakaa, hewa ya nje huingia bila kupitia kwenye kabureta, na mchanganyiko hukosa petroli na oili ya kutosha. Dalili yake ni kwamba ukiachia resi mngurumo hauteremki upesi, au hupanda wenyewe. Injini huchemka na pistoni hukwama. Sili ya upande wa klachi hukaa ndani ya oili ya giaboksi. Hiyo ikichakaa, injini huivuta oili ya giaboksi na kuichoma: moshi huwa mzito na kipimo cha giaboksi hushuka ingawa chini ya pikipiki hakuna tone. Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba injini ikishafunguliwa mpaka kwenye kranki, sili zote mbili zibadilishwe, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Kuokoa pesa hapa ni kujidanganya.

Sasa twende dukani. Usinunue sili kwa kutaja jina la pikipiki peke yake. Karibu kila sili imeandikwa usoni tarakimu tatu za milimita. Ikiandikwa 20 35 7, maana yake ni shafti ya milimita 20, tundu la milimita 35 na unene wa milimita 7. Soma tarakimu hizo kwenye sili ya zamani. Zikiwa zimefutika, fundi apime shafti na tundu kwa kalipa. Asipime mdomo wa sili iliyochakaa, kwa kuwa umekwisha kutanuka. Muuzaji akikwambia kwamba ya unene wa milimita 8 “itaingia tu”, kataa mpaka fundi ahakikishe nafasi ipo. Katika injini nyingi za mipigo miwili kuna kitundu kati ya beringi na sili kinachopitisha oili ya kulainisha beringi hiyo. Sili nene, au iliyosukumwa ndani kupita kiasi, hukiziba, na beringi hufa kwa ukame.

Jambo la pili ni mpira wenyewe. Sili nyingi ni za nitrili, zenye alama NBR, zinazostahimili joto la takriban nyuzi 100 za Selsiasi. Zenye alama FKM hustahimili joto la karibu nyuzi 200 na huivumilia petroli vizuri zaidi. Nitrili nzuri hutosha kwa shafti ya gia na ya kiki. Kwa kranki sisi tunapendelea FKM, maadamu tofauti ya bei si kubwa mno. Rangi isikupoteze: FKM nyingi ni za kahawia na nitrili nyingi ni nyeusi, lakini rangi si ushahidi, maana mpira wowote waweza kutiwa rangi yoyote.

Hapa ndipo wapenzi wa pikipiki za zamani hunaswa. Hutafuta sili “za enzi hizo”, zilizo katika boksi la kiwanda lililofifia, na huzilipia zaidi. Kwa gia au kifuniko cha chuma, busara hiyo ni sahihi. Kwa mpira, sivyo. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2230 huipa nitrili muda wa awali wa kuhifadhiwa wa miaka 7, na FKM miaka 10, tena mahali pasipo joto wala mwanga mkali. Sili halisi iliyokaa miaka 30 katika duka lenye bati la moto inaweza kuwa mbovu kuliko mpya isiyo na jina kubwa. Uliza tarehe ya kutengenezwa. Kisha ukunje mdomo taratibu kwa kidole: ukiwa mgumu, unang'aa kama kioo au una nyufa ndogo, rudisha. Tazama pia kama springi nyembamba iliyouzunguka mdomo ipo na haina kutu.

Kabla ya kulipa, mweleze muuzaji kwamba sili ni ya kranki ya injini ya mipigo miwili, na umwombe aandike hivyo kwenye risiti pamoja na vipimo. Hapa Tanzania, chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara matumizi ya bidhaa na kutegemea ujuzi wake ana haki ya kupata bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Bila maandishi, ni vigumu kuthibitisha mlichozungumza.

Kufunga ni kazi ya fundi, lakini mmiliki anaweza kusimama pembeni na kutazama. Sili ya zamani itolewe bila bisibisi kukwaruza ukuta wa tundu. Shafti ipitishwe ukucha: ukikwama kwenye mfereji uliochimbwa na mdomo wa zamani, sili mpya ikae mbele au nyuma kidogo ya mfereji huo, iwapo nafasi inaruhusu na kitundu cha oili hakizibwi. Beringi ikiwa na mchezo, sili mpya haitadumu. Ncha ya kranki yenye mfereji wa kabari izungushiwe utepe laini wa plastiki, kwa sababu kingo za mfereji huo hukata mdomo kama wembe, na mkato wenyewe hauonekani tena sili ikishaingia. Mdomo upakwe oili. Kuufunga mkavu ni kuuchoma katika dakika za kwanza. Upande wenye springi hutazama ndani, kwenye shinikizo au oili inayozuiwa, isipokuwa kitabu cha injini kimeagiza vinginevyo. Sili isukumwe sawasawa kwa soketi au bomba lenye upana unaokaribia wake, isipigwe nyundo upande mmoja. Katika baadhi ya injini, sili ina ukingo unaokaa ndani ya mfereji wa kasha, na lazima iwekwe kabla nusu mbili hazijaunganishwa. Fundi anayetaka kuipachika kutoka nje aulizwe kwanza.

Kabla ya kurudisha injini kwenye fremu, omba ipimwe. Njia za petroli na ekzosi huzibwa, hewa husukumwa kwa pampu ya mkono hadi takriban bar 0.4, na maji ya sabuni hupakwa kwenye maungio na kwenye sili ya magneto. Shinikizo lisizidishwe. Povu likitokea, kazi irudiwe mbele yako. Ikiwa geji inashuka bila povu popote, shukia sili ya upande wa klachi, kwa kuwa huo hewa yake hutokea ndani ya giaboksi. Sili za zamani uzidai, uzitie kwenye mfuko pamoja na risiti, na uandike tarehe na idadi ya kilomita.