POMPI YA KINGA: NAMNA YA KUCHAGUA ILIYO IMARA



Somo letu la leo ni juu ya pompi ya kutilia hewa katika mipira ya kinga. Labda mtu atauliza: sababu gani Utumishi wa Afya unaacha habari za dawa na kusema juu ya pompi? Jibu ni rahisi. Katika Niemba na vijiji vinavyotuzunguka, kinga ndiyo inayompeleka baba kazini, ndiyo inayoleta makala, muhogo na mawese sokoni, na tena ndiyo inayombeba mgonjwa mpaka kituo cha afya. Reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani Kalemie, mji ulioitwa zamani Albertville, katika mwaka 1915, nayo inapita hapa kwetu. Lakini ugonjwa haungoji treni. Mtoto akishikwa na degedege saa nane za usiku, nyumba inategemea kinga iliyoegeshwa ukutani. Kama mipira yake haina hewa na pompi haifanyi kazi, kinga hiyo ni chuma tu.

Kwa hiyo tunasema: pompi nzuri ni sehemu ya sanduku la dawa la nyumba.

HEWA INAFANYA KAZI GANI?

Mwaka 1888, katika mji wa Belfast, mganga wa wanyama aliyeitwa John Boyd Dunlop alipata hati ya serikali kwa ajili ya mpira wenye hewa ndani. Alikuwa ameutengeneza kwanza kwa kinga ndogo ya magurudumu matatu ya mtoto wake, aliyekuwa akitikiswa sana na mawe ya njia. Tangu hapo dunia nzima ilitaka mipira. Sehemu ya mipira hiyo ilitoka katika misitu ya Kongo, nao wazee wetu waliilipa kwa jasho na damu wakati wa Mfalme Leopold wa Pili.

Ndani ya mpira, hewa ndiyo inayobeba uzito. Hewa ikipungua, uzito unaangukia mpira wenyewe na janti, yaani duara la chuma la gurudumu. Hapo mambo haya yanafuata:

Ukigonga jiwe, mpira wa ndani unabanwa kati ya jiwe na janti, nao unatoboka matundu mawili yaliyo karibu karibu. Ukiona matundu ya namna hiyo, usitafute mwiba. Kosa ni ukosefu wa hewa.

Mpira wa nje (pine) unapasuka pembeni kabla ya wakati wake, na janti inapinda.

Mpira wa mbele ukilegea, kinga haitii mikono. Katika mtelemko, au katika udongo mwekundu uliolowa mvua, inateleza na kumtupa mtu. Anayeanguka hivyo hutanguliza mkono, na mara nyingi huvunjika kifundo cha mkono au mfupa wa bega. Mtu anayetoka kazi ya usiku akiwa amechoka hana nguvu ya kujiokoa.

Mipira mingi ya kinga zetu kubwa ina namba 28 x 1 1/2 iliyoandikwa pembeni. Mara nyingi utasoma pia kipimo cha hewa. Bar 3 ni karibu sawa na PSI 45, au nguvu ya kilo 3 juu ya kila sentimeta moja ya mraba. Fuata kilichoandikwa kwenye mpira wako, wala usikipite. Mzigo ukiwa mzito, karibia kipimo cha juu.

KWANZA TAZAMA VALVU YAKO

Kabla ya kwenda sokoni, toa kifuniko cha valvu na kuitazama vizuri. Ziko aina tatu.

Ya kwanza ni valvu ya Dunlop. Ina kichwa kinachofungwa kwa nati, na ndani yake mna kijiti chenye kampira kadogo kinachozuia hewa isirudi. Kinga nyingi za mizigo zinatumia hiyo.

Ya pili ni valvu ya namna ya motokari, nene, yenye kasindano katikati. Jina lake ni Schrader.

Ya tatu ni Presta, nyembamba na ndefu. Inaonekana zaidi katika kinga za mashindano.

Pompi ya valvu ya Dunlop haitoi hewa vizuri katika valvu ya motokari, kwa sababu haina kidole cha kusukuma ile sindano ya katikati. Kama unaweza, nenda na kinga yenyewe dukani. Watu wengi wamenunua pompi nzuri, wakafika nyumbani na kukuta mdomo wake haushiki valvu.

POMPI KUBWA NA POMPI NDOGO

Pompi kubwa inasimama chini, unaikanyaga kwa miguu na kusukuma kwa mikono miwili. Pompi ndogo ya mkono inafungwa kwenye chuma cha kinga kwa safari. Ipi ni bora? Tufanye hesabu.

Mpira wa 28 x 1 1/2 unachukua karibu litri 2 na nusu. Ili kuufikisha bar 3, yahitajika kuingiza karibu litri 7 na nusu za hewa. Pompi kubwa yenye bomba la upana wa sentimeta 3 na mwendo wa sentimeta 45 inasukuma karibu theluthi moja ya litri kila mara. Basi utasukuma karibu mara 25. Pompi ndogo yenye upana wa sentimeta 2 na mwendo wa sentimeta 30 itakuomba karibu mara 80, na zaidi kama inavuja.

Lakini tazama upande wa pili. Hewa ikifika bar 3, bomba la upana wa sentimeta 3 linataka nguvu ya kilo 21 ili kusukumwa. La sentimeta 2 linataka kilo 9 na nusu tu. Bomba la sentimeta 4 linataka karibu kilo 38, nao mama mwepesi au mtoto wa shule hataweza kulimaliza. Kwa hiyo usidanganywe na unene. Kwa nyumba, chagua bomba refu la upana wa kadiri, ili kila mtu wa nyumba aweze kulitumia baba akiwa kazini. Kwa safari, chukua ile ndogo.

Kama fedha hazitoshi kwa zote mbili, anza na pompi kubwa. Majirani watatu au wane wanaweza kuchanga na kununua moja iliyo imara, na kupatana itakaa kwa nani. Lakini ikae mahali ambapo mlango unafunguliwa hata usiku.

MAJARIBIO MATANO KABLA YA KULIPA

Usinunue kwa macho na rangi. Mwombe mwuzaji ruhusa ufanye hivi:

1. Ziba tundu la kutoa hewa kwa kidole gumba, kisha sukuma mpini. Pompi nzuri inakataa, na ukiuachilia mpini unarudi juu kama springi. Mpini ukishuka polepole mpaka chini, hewa inapita pembeni. Kuna kasoro ndani.

2. Tia mpira wa pompi katika ndoo ya maji, ziba mwisho wake na sukuma. Mapovu yakitoka mahali popote, mpira umepasuka au umefungwa vibaya.

3. Pitisha mkono juu ya bomba lote. Likiwa limebonyea hata kidogo, liache. Mahali palipobonyea patakula ngozi ya ndani.

4. Kanyaga miguu ya pompi na sukuma kwa nguvu. Miguu myembamba ya bati inapinda, na pompi ikilala ghafula mikono inaumia.

5. Fungua kifuniko cha juu na uvute mpini nje. Utaona kipande cha ngozi au cha mpira chenye umbo la kikombe. Hicho ndicho moyo wa pompi. Uliza kama vikombe vya namna hiyo vinauzwa peke yake sokoni. Pompi yenye kikombe kinachobadilishwa itadumu miaka mingi. Ile iliyofungwa isifunguliwe kamwe itatupwa siku ya kwanza ya kuharibika.

Mkitumia pompi muda mrefu, chini ya bomba patapata joto. Hilo si kosa. Hewa ikibanwa hupata joto.

KUITUNZA

Kikombe cha ngozi kikikauka kinakuwa kigumu na kuacha hewa ipite. Kila mwezi, fungua pompi, futa vumbi, na tia matone machache ya mafuta ya mashine. Usitie mawese, kwa sababu yakikaa yanaganda na kushika vumbi. Kikombe cha mpira, kinyume chake, kinaharibiwa na petroli na mafuta ya mashine. Kipake mafuta mazito ya silikoni kama yanapatikana, au kiache kikavu na kisafi. Ngozi ikiwa imekauka sana, iloweke katika mafuta usiku mmoja, kisha panua ukingo wake kwa vidole.

Tunza pompi kivulini. Jua linapasua mpira wake.

Mara nyingi watu wanalaumu pompi bure. Kama inasukumika kwa shida sana na hewa haiingii, fungua valvu ya Dunlop na tazama kale kampira kadogo. Kakishikana au kuoza, kabadilishe. Nunua vipande viwili vitatu, uvifunge pamoja na pompi. Ukitaka kujua kama valvu inavuja, tumia tone la maji ya kikombe, si mate. Mkono wenye vumbi la kazi haufai kuingia kinywani.

HATARI ZA KUEPUKA

Usitie hewa katika kinga kwa kompresa ya karakana. Kompresa hutoa bar 7 na zaidi, nao mpira wako ni wa bar 3 au 4. Unajaa kwa sekunde chache na kupasuka karibu na uso. Vipande vyake na vumbi vinaweza kuharibu macho.

Tena, hewa ya kompresa si mchezo. Mtu akielekeza bomba lake nyuma ya mwenzake kwa mzaha, hewa inapita katika nguo na kuweza kupasua matumbo. Mtu huyo anahitaji kupasuliwa na daktari upesi, la sivyo atakufa. Usiitumie hata kupulizia vumbi mwilini. Nao watoto wakatazwe kupuliza pompi katika sikio la mwenzao, maana ngozi ya ndani ya sikio inaweza kutoboka.

Mpira uliojazwa sana usiachwe juani mchana kutwa. Joto linaongeza nguvu ya hewa ndani yake.

SIKU YA KUMBEBA MGONJWA

Kila jioni bonyeza mipira yote miwili kwa kidole gumba. Ikilegea, tia hewa jioni hiyo hiyo, wala usingoje asubuhi.

Mtoto mwenye homa pamoja na degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, au aliyelegea bila kuamka, aende kituo cha afya mara moja. Vilevile mama mwenye utungu, au anayetoka damu. Mama akae nyuma akimpakata mtoto, na mtu mwenye nguvu asukume kinga kwa miguu. Asipande kuiendesha gizani. Miguu ya mtoto iwe mbali na nyaya za gurudumu, kwa maana tunatibu visigino vingi vilivyokatwa hapo. Mtu mzima aliyezimia, aliyeumia mgongo au anayetoka damu nyingi asifungwe juu ya kinga. Huyo abebwe kwa kipoyi, akiwa amelala.

Mwenye kinga achukue pompi ndogo, kampira ka valvu, na kiraka. Mwiba haujui kwamba una haraka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kinga yangu ina valvu ya aina gani?
2. Nikiziba tundu la pompi yangu na kusukuma, mpini unarudi?
3. Mke wangu na mtoto wangu mkubwa wanaweza kuitumia bila mimi?
4. Ni lini mara ya mwisho nilipotia mafuta kwenye ngozi yake?
5. Usiku wa leo, kinga yangu inaweza kutoka saa hii?

Ukikosa jibu la swali lolote, shughulika nalo kabla ya kulala. Watu husema kinga ni bora kuliko dawa. Sisi tunaoita baiskeli kwa jina hilo hilo tuongeze neno moja: kinga yenye hewa.

Asistan wa Uganga
Utumishi wa Afya na Usalama, Niemba