Kabla Hujavuka Mpaka wa Kavimvira

Sogea hapa karibu, mdogo wangu, nimesikia unasafiri. Labda unampeleka mama kutibiwa Bujumbura, labda unashuka bandari ya Kalundu kupanda boti ya Kigoma ukatafute vitenge. Begi limefungwa, chakula cha njiani kimepikwa, na nikikuuliza pesa ziko wapi unanijibu bila wasiwasi: "Ziko benki, dada." Hapo ndipo moyo unanishtuka. Ziko benki, sawa. Na wewe utakuwa wapi?

Nilimkuta binti mmoja wa hapa kwetu Sange kwenye benchi la hospitali kule Bujumbura, simu mkononi, machozi yanamtoka kimya kimya. Mama yake amelala ndani, famasi inataka ilipwe kwanza. Pesa anazo, za mchele wa misimu miwili, hakuzitapanya hata kidogo. Anafungua programu ya benki, inamwambia aandike namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yake. Imetumwa kweli, lakini kwenye laini ya Kongo. Na ile laini aliitoa asubuhi ya safari, akaikunja ndani ya kikaratasi na kuiweka kabatini isije ikapotea, kwa sababu Burundi atanunua laini ya huko. Namba ya siri ilikuwa inaingia kwenye kabati la Sange, na yeye yuko ng'ambo ya mto Ruzizi. Hakulia kwa umaskini, mdogo wangu. Alilia kwa sababu pesa alikuwa nazo.

Sikumgombeza siku ile, na wewe sikugombezi. Wengi tumefanya hivyo. Ila laini ya benki haitoki kwenye simu. Kama simu yako haichukui laini mbili, azima inayochukua. Waulize watu wa mtandao kabla ya safari kama ujumbe utakufikia ukiwa nje, na uache salio kidogo. Halafu uniambie kweli: hiyo laini imeandikishwa kwa jina la nani? La kaka? La yule mchumba mlioachana? Nenda uibadilishe wiki hii, maana mwenye jina ndiye anayeweza kwenda kuomba laini mpya ya namba hiyo, na namba hiyo ndiyo mlango wa akaunti yako.

Jina nalo limewatesa watu. Sisi tuna majina matatu, na kila karatasi inayapanga kivyake. Tuseme unaitwa Furaha: kwenye kadi ya mpiga kura Furaha amekuja mwisho, kwenye pasipoti amekuja mwanzo, kwenye daftari la benki hayupo kabisa. Hapa Uvira karani anakujua, anakuita mama fulani, anakuhudumia. Ukienda kupokea pesa Dar es Salaam hakuna anayekujua. Atasoma herufi kwa herufi, ikipungua moja anakurudishia karatasi zako. Mgeni ni kuku mweupe. Ziweke karatasi zote mezani leo, uzilinganishe.

Na usidanganywe na majina ya kufanana. M-Pesa iko kwetu, iko Tanzania, iko Kenya, lakini wakala wa Kigoma hawezi kukutolea pesa uliyoiweka kwa wakala wa Sange. Bujumbura utakuta watu wanatumia Lumicash. Kadi ya benki ndiyo afadhali, ila uliza kwanza: hii yangu inafanya kazi nje au ni ya humu nchini tu? Inaisha mwezi gani? Waambie benki unakokwenda, wasije wakaifunga wakidhani imeibwa. Na ukikosea namba mara mbili kwenye mashine, acha. Ya tatu inaweza kukufungia au kuimeza kadi kabisa.

Tena Burundi, bei rasmi ya dola na bei ya barabarani ni mbingu na ardhi. Ukitoa kwa kadi, unahesabiwa kwa ile rasmi, ndogo. Fanya hesabu hiyo ukiwa nyumbani, isije ikakukuta kwenye dirisha la malipo. Tanzania ni habari nyingine: sisi tumezoea kulipa dola hata dukani, lakini tangu Machi 2025 huko ni marufuku kudai au kulipa bei kwa fedha za kigeni. Utabadilisha kwanza upate shilingi. Chagua noti za dola safi, mpya, ambazo hazijachanika. Zile za zamani watakukatia bei au watazikataa, na noti kubwa hubadilishwa vizuri kuliko ndogo.

Najua wengine hatukupata hata siku ya kujipanga. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka vitani na benki zake kufunga milango, watu wa uwanda huu wa Ruzizi walivuka mto kwenda Burundi na watoto mgongoni, wengine wakalala uwanja wa mpira wa Rugombo. Aliyekuwa na akaunti na asiyekuwa nayo walipanga foleni moja ya uji. Tangu hapo mimi siachi pesa zote mahali pamoja: nyingine benki, nyingine kwenye simu, na dola chache zimeshonwa kwenye pindo la kitenge. Mkono mtupu haulambwi, na ugenini ndiko unakosahaulika haraka.

Namba ya siri ya kadi yako usimpe shemeji, hata kama ni mtu wa sala. Ukitaka mtu akutolee pesa ukiwa mbali, nendeni benki pamoja kabla ya safari, mwandikishe karatasi ya kumpa ruhusa, yenye kiwango na tarehe ya mwisho. Hiyo haivunji undugu. Kinachovunja undugu ni kurudi na kukuta salio sifuri, kila mtu anaangalia chini.

Na wewe ambaye umeshavuka na unasoma haya ukiwa umekwama, usikubali mtu wa mlangoni akusaidie kubonyeza mashine. Mpigie aliye nyumbani, afungue kabati, aiweke ile laini kwenye simu, kisha akusomee namba mkiwa bado mnaongea, kabla haijaisha muda. Awe mtu unayemwamini kweli. Yule binti tulimpigia mdogo wake wa darasa la sita. Alisoma tarakimu moja moja, taratibu, na jioni mama yake akapata dawa.