Tangi Dogo la Matumbawe Nyumbani: Nunua Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe ni miongoni mwa bidhaa ambazo bei ya dukani haimwelezi mlaji gharama zake halisi. Kioo, taa na pampu huonekana kwa macho. Maji yaliyo sahihi, umeme wa kila siku na muda wa kusubiri havionekani, na hivyo ndivyo vinavyoamua kama viumbe watakaowekwa humo wataishi. Mlaji aliyelipia vinavyoonekana na kusahau visivyoonekana hupoteza samaki wake ndani ya siku chache, kisha hurudi dukani kununua wengine ambao nao hufa kwa sababu ile ile.

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza: (a) kukadiria gharama za kuanzisha na kutunza tangi dogo, (b) kutambua ni wakati gani tangi liko tayari kupokea viumbe, (c) kuhoji chanzo cha viumbe anaouziwa, na (d) kudai haki yake endapo ameuziwa bidhaa isiyofaa.

1. Ukubwa na mahali

Wengi hudhani kwamba tangi dogo sana ni rahisi zaidi kulitunza. Ukweli ni kinyume chake. Katika maji machache, kosa dogo la chakula au joto hubadilisha hali ya tangi zima kwa saa chache. Katika maji mengi, badiliko huja polepole na mtunzaji hupata nafasi ya kulirekebisha. Kwa anayeanza, ujazo wa takriban lita 100 ni wastani mzuri.

Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 45. Ujazo wake ni lita 108. Baada ya kuweka mchanga na mawe, maji yatakayobaki ni kama lita 90. Ukijumlisha maji, kioo, mawe na mchanga, uzito hupita kilo 130. Meza ya kawaida ya sebuleni haikutengenezwa kubeba mzigo huo usiku na mchana kwa miaka. Hitaji la kwanza, basi, ni stendi imara iliyo sawasawa, mbali na dirisha linalopigwa na jua.

2. Maji

Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji. Kiwango hicho ndicho kinachotakiwa kudumishwa ndani ya tangi, na hupimwa kwa kifaa kiitwacho refraktomita. Usikadirie kwa kuonja wala kwa kuhesabu vijiko.

Chumvi ya mezani haifai, kwa kuwa haina kalsiamu, magnesiamu na madini mengine ambayo matumbawe huyatumia kujenga mwili. Inayohitajika ni chumvi maalumu ya matangi ya bahari, ikichanganywa na maji yaliyosafishwa kwa mtambo wa kuondoa madini. Maji ya bomba yana klorini, na wakati mwingine huwa na shaba kutoka kwenye mabomba. Shaba, hata kwa kiasi kidogo, huua kamba, konokono na matumbawe. Maji ya kunywa ya chupa nayo mara nyingi yameongezewa madini. Wakazi wa pwani wanaofikiria kuchota maji ufukweni wakumbuke kwamba maji yaliyo karibu na mji, hususani kwenye midomo ya mito kama Msimbazi, hubeba uchafu wa mji huo.

Mlaji anaweza kukagua madai yaliyoandikwa kwenye mfuko wa chumvi kwa hesabu nyepesi. Lita moja ya maji ya tangi huhitaji gramu 35 hadi 40 za mchanganyiko. Kwa hiyo mfuko wa kilo 4 unatosha takriban lita 100. Mfuko wa uzito huo unaodai kutengeneza lita 200 unakupa gramu 20 tu kwa lita, na dai hilo linapotosha.

Jambo linalowachanganya wengi ni uvukizi. Maji yanapokauka, chumvi haiondoki. Tuseme tangi lenye lita 90 hupoteza lita 2 kwa siku, nawe umesafiri siku tano. Utakaporudi utakuta lita 80 zikiwa zimebeba chumvi ile ile ya lita 90, na kiwango kitakuwa kimepanda kutoka gramu 35 hadi zaidi ya gramu 39. Ukijaza kwa maji ya chumvi, unazidisha tatizo. Upungufu wa uvukizi hujazwa kwa maji safi yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo. Maji ya chumvi hutumika pale tu unapotoa maji ya zamani na kuweka mapya, kiasi cha lita 9 au 10 kila wiki.

3. Wiki za kusubiri

Hii ndiyo sehemu ambayo fedha nyingi za walaji hupotea. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hukaa juu ya mawe na mchanga. Katika tangi jipya bado hawajawa wa kutosha, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka.

Katika kipindi hicho tangi huendeshwa bila samaki. Weka maji ya chumvi, mchanga na mawe, washa pampu, kisha tia chakula kidogo cha samaki kioze na kuwalisha bakteria. Pima maji mara mbili kwa wiki. Utaona amonia ikipanda kisha ikishuka, na naitraiti ikipanda baada yake na kushuka pia. Tangi liko tayari pale vipimo vyote viwili vinaposoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, huku naitreti ikionekana.

Dukani kuna chupa za bakteria zinazodaiwa kuandaa tangi kwa siku moja. Baadhi husaidia kufupisha muda, lakini hakuna chupa inayochukua nafasi ya kipimo. Muuzaji anayekuuzia tangi na samaki siku hiyo hiyo, akikuhakikishia kwamba kila kitu kiko tayari, mwombe apime amonia na naitraiti ya tangi lako mbele yako kabla ya kumlipa.

4. Joto na umeme

Matumbawe mengi hustawi katika nyuzi joto 24 hadi 27. Katika miji mingi ya baridi, mtunzaji hununua kipasha joto. Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, tatizo ni joto lenyewe. Mwaka 1998, joto la bahari lililopanda isivyo kawaida liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, yakiwemo ya pwani yetu. Kinachotokea baharini kwa tofauti ya nyuzi chache hutokea haraka zaidi ndani ya lita 90. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha joto kwa nyuzi kadhaa, ingawa huongeza uvukizi.

Kadiria umeme kabla ya kununua. Taa ya wati 50 ikiwaka saa 9, pampu mbili za wati 10 kila moja zikifanya kazi saa 24, na feni ya wati 10 kwa saa 12, hutumia jumla ya uniti 1.05 kwa siku, sawa na uniti 31.5 kwa mwezi wa siku 30. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 55 itafikia 86.5, na ile iliyo katika daraja la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75, itapoteza nafuu ya daraja hilo.

Umeme ukikatika, pampu husimama na hewa ndani ya maji hupungua. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kinga ya bei nafuu, na ifaa iwepo nyumbani kabla ya samaki wa kwanza.

5. Viumbe gani, na kutoka wapi

Anza na matumbawe laini, yale yenye umbo la uyoga au ngozi, ambayo huvumilia makosa ya mwanafunzi. Matumbawe magumu yanayojenga mifupa ya chokaa yasubiri angalau miezi sita. Kwa lita 90, samaki wawili au watatu wadogo wanatosha. Na wasiingizwe wote kwa siku moja. Kangaja wa bluu, anayependwa na watoto kwa sababu ya filamu, hufikia sentimita 30, na tangi la urefu wa sentimita 60 kwake ni kifungo.

Chanzo cha viumbe si jambo la hiari. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari. Jiwe au tumbawe la huko haliruhusiwi kuchukuliwa, hata moja, hata kama limelala ufukweni. Matumbawe magumu, farasi wa baharini na chaza wakubwa aina ya tridakna wamo katika orodha ya mkataba wa CITES, na biashara yao ya kimataifa huhitaji kibali. Muulize muuzaji leseni yake na mahali viumbe walipotoka. Samaki waliozalishwa katika matangi na vipande vya matumbawe vilivyooteshwa ni chaguo bora: wamezoea maisha ya tangi, na mwamba wa baharini haukuvunjwa kwa ajili yao.

6. Usalama wa nyumbani

Waya za vifaa zilegezwe ziteremke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Fundi mwenye leseni afunge kifaa cha kukata umeme unapovuja. Zima vifaa vyote kabla ya kutia mkono ndani ya maji.

Baadhi ya matumbawe laini ya jamii ya zoantidi yana palitoksini, sumu kali sana. Vaa glavu na miwani unapoyagusa au kuyakata. Kamwe usichemshe mawe ya tangi jikoni kwa nia ya kuyasafisha: mvuke wake unaweza kuidhuru familia nzima.

7. Haki zako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa matumizi yaliyokusudiwa. Ili haki hiyo itekelezeke, dai risiti ya EFD yenye maelezo kamili, ikitaja ujazo wa tangi na aina ya kila kiumbe. Maneno “samaki wa mapambo” pekee hayatoshi. Omba dhamana ya pampu na taa kwa maandishi. Andika vipimo vya maji kwenye daftari, pamoja na tarehe. Endapo samaki amekufa siku ya pili ilhali amonia ilikuwa sifuri, daftari hilo ndilo ushahidi wako, na endapo amonia ilikuwa juu, litakuonesha pa kuanzia.

Maswali ya kujipima

1. Tangi limepungua lita 4 kwa uvukizi. Utajaza kwa maji gani?
2. Amonia inasoma sifuri lakini naitraiti bado ipo. Je, ununue samaki?
3. Taa ya wati 60 huwaka saa 10, na pampu ya wati 15 hufanya kazi saa 24. Ni uniti ngapi kwa siku 30?

Majibu: (1) Maji safi yasiyo na chumvi. (2) Hapana, subiri hadi zote mbili ziwe sifuri kwa siku kadhaa. (3) Uniti 28.8.