Dereva wa Tingatinga Hakuoni

Huenda tingatinga limekwisha kufika kijijini kwenu. Katika Mkoa wa Shinyanga tingatinga huchimba malambo ya kunyweshea mifugo. Hutengeneza barabara pia. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, Kahama, mwaka 2001. Mwaka 2021 ilianza kazi ya kujenga reli mpya kati ya Mwanza na Isaka. Kazi hizo zote zinataka mitambo ya kusukuma udongo. Mtambo ukifika, vijana hupata kibarua, watoto huja kutazama, na wachungaji hupitisha ng'ombe pale pale.

Tingatinga la wastani lina uzito wa tani 20 hivi. Dume la ng'ombe wa kienyeji lina kilo 300 hivi. Kwa hiyo tingatinga moja ni sawa na madume zaidi ya 60 yaliyofungwa pamoja. Mwendo wake ni wa polepole, na ndiyo maana watu hulidharau. Lakini mtu aliyekanyagwa na minyororo yake hapati nafasi ya kujuta.

Kwa nini dereva amkanyage mtu mchana kweupe? Kwa sababu hamwoni. Dereva amekaa juu. Mbele yake kuna injini na lile bamba pana la chuma linalosukuma udongo. Nyuma yake kuna tangi la mafuta, na mara nyingi kucha kubwa ya kuvunjia mawe. Jaribu jambo hili nyumbani. Kaa kitini, shika ungo mbele ya magoti yako, kisha mwambie mtoto achuchumae karibu na miguu yako. Je, unamwona? Dereva naye ndivyo alivyo, ila ungo wake ni wa chuma.

Watu husema dereva ni kijana wetu, hawezi kutuumiza. Wema wake haukusaidii kama hakuoni. Usipokiona kiti cha dereva wala uso wake, jua kwamba yeye pia hakuoni. Hata ukimwona, usisogee. Simama mbali, inua mkono, ngoja asimamishe mtambo na akuite kwa ishara. Usimwite kwa sauti. Injini inanguruma na masikio yake yamezibwa.

Hatari kubwa iko nyuma. Tingatinga husukuma udongo mbele, kisha hurudi nyuma, tena na tena kutwa nzima. Usipite nyuma yake hata kama limesimama. Na jua linapokuwa kali, usilale kwenye kivuli cha mtambo. Dereva akirudi kutoka kula, huwasha na kuondoka.

Ukipata kibarua, vaa riflekta, kofia ngumu na buti. Muulize msimamizi ni nani anayetoa ishara kwa dereva. Awe mtu mmoja tu. Watu watatu wakipunga mikono pamoja, dereva atamfuata yupi?

Nawe unayejifunza kuendesha, kabla ya kuwasha zunguka mtambo wote kwa miguu. Tazama chini yake. Funga mkanda kila mara. Mtambo ukipinduka, kibanda cha chuma hukulinda ukiwa ndani yake. Wanaojaribu kuruka huweza kuangukiwa. Mteremko upande au ushuke moja kwa moja, usiukate kwa ubavu. Udongo mweusi wa mbuga uogope zaidi wakati wa mvua, kwa maana huteleza na kingo za lambo hubomoka. Usibebe abiria. Ukimaliza, shusha bamba mpaka liguse ardhi, zima injini, toa ufunguo. Usitoe tope kwenye minyororo wakati injini inaunguruma.

Vumbi nalo lina madhara. Vumbi la mawe ya dhahabu huharibu mapafu kidogo kidogo, na mapafu yaliyoharibika hivyo hayaponi. Huyafanya pia yashikwe na kifua kikuu kwa urahisi. Mwagieni maji njia kabla ya kazi, na mtu avae barakoa ya kuzuia vumbi. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Mfanyakazi akiumia kazini, uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mchango wa mfuko huo hutolewa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako. Ukiumia, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo mbele ya shahidi, na tunza karatasi zote za hospitali.

Maswali ya kujadili darasani: Ng'ombe wa kijiji chetu wapitishwe wapi wakati lambo linachimbwa? Nani atawazuia watoto wasisogee karibu, hasa siku ambazo hakuna shule?