Kupata Moyo kwa Imani Wakati wa Kukata Tamaa: Njia za Wakristo wa Masisi na Walikale

Kukata tamaa huko Masisi na Walikale hakuletwi na tukio moja. Huletwa na mambo yaleyale yanayojirudia: kukimbia, kurudi, kupanda, na kukimbia tena kabla ya kuvuna. Wilaya hizi mbili za Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, zinapakana. Masisi ni nchi ya vilima, malisho ya ng'ombe na jibini. Walikale ni nchi ya msitu, wilaya kubwa kuliko zote jimboni, yenye takriban kilomita za mraba 23,475. Machi 1993 mapigano yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi, na tangu wakati huo utulivu umekuwa wa vipindi tu. Mwanzoni mwa Januari 2025 kundi la waasi la M23 liliteka Masisi mjini. Machi 19 mwaka huohuo likaingia mji wa Walikale, likaondoka mwanzoni mwa Aprili. Aliyebebwa mgongoni na mama yake mwaka 1993 leo ni mzazi, naye amekwisha kubeba wanawe vilevile.

Wakristo ni wengi katika wilaya hizi: Wakatoliki wa Dayosisi ya Goma, Wabaptisti wa CBCA, Wapentekoste wa CEPAC na wengineo. Imani haikuwaondolea vita. Imewapa mambo ya kufanya siku ambayo nguvu za kufanya chochote hazipo. Yafuatayo ni mambo hayo, kwa mpangilio unaomsaidia mtu aliyevunjika moyo, yakianza na yale anayoyaweza hata akiwa amechoka kabisa.

Kuanza na mwili

Habari ya nabii Elia katika 1 Wafalme 19 inamfaa sana mtu aliyekimbia. Elia alitishiwa maisha na malkia Yezebeli, akakimbia, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwacha alale, kisha malaika akamwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji. Akalala tena, akaamshwa tena ale. Baada ya hapo ndipo alipoweza safari ya siku arobaini hadi mlima Horebu, na mazungumzo juu ya uchungu wake yakafuata huko.

Vivyo hivyo, mama aliyefika Sake au Kitshanga usiku, baada ya kutembea na mtoto mgongoni, hahitaji mahubiri kwanza. Anahitaji bugali na maharagwe, maji ya kuoga, na mahali pa kumlaza mtoto. Familia nyingi zinazopokea wakimbizi hulijua hilo, na huandaa chakula kabla ya kuuliza habari za njiani. Kufunga ni desturi njema ya Wakristo, lakini mgonjwa, mama anayenyonyesha na mtu ambaye njaa imemfungisha tayari hawadaiwi mfungo. Sala fupi baada ya kula na kulala ina faida kuliko mkesha wa mtu ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana.

Kumwambia Mungu ukweli wote

Wengi wamefundishwa kwamba Mkristo wa kweli halalamiki. Biblia haisemi hivyo. Sehemu kubwa ya Zaburi ni malalamiko. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na mwimbaji wake anamuuliza Mungu mara nne mateso yataendelea hadi lini. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila neno la faraja, na bado imo katika kitabu cha sala. Kitabu cha Maombolezo kinaulilia mji uliobomolewa, sura tano nzima.

Zaburi hizi zinampa mwenye huzuni utaratibu wa kuomba. Kwanza anamwita Mungu kwa jina. Pili anataja lililotokea bila kulipunguza: nyumba imechomwa, ng'ombe wamechukuliwa, mtoto hajulikani alipo. Tatu anaomba jambo moja lililo wazi. Nne anakumbuka siku moja ambayo Mungu alimsaidia, hata ikiwa ni ya zamani. Mwisho, akiweza, anasema kwamba bado anamtegemea. Siku asiyoweza kulitamka hilo la mwisho, aishie alipofika, kama Zaburi ya 88 ilivyoishia. Sala hiyo ni sala kamili.

Maombolezo haya si ya chumbani tu. Februari 1, 2023, Papa Fransisko alikutana mjini Kinshasa na watu walioumizwa na vita vya mashariki, baada ya safari yake ya Goma kushindikana. Miongoni mwao alikuwa msichana kutoka Walikale, aliyetekwa na watu wenye silaha na baadaye kuzaa mapacha. Wale waliotoa ushuhuda waliweka chini ya msalaba vitu vilivyofanana na vile vilivyowaumiza, panga na kisu vikiwemo, kisha wakasema wanasamehe. Yafaa kuuona mpangilio wa tendo hilo. Uovu ulitajwa kwanza, kwa sauti, mbele ya watu, na msamaha ukaja baada yake. Anayelazimishwa kusamehe kabla ya kusikilizwa hunyamazishwa tu, na jeraha lake hubaki palepale.

Kukaa na watu wachache wanaokujua

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo waliamua parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogo za ujirani. Wakatoliki wa Kivu huziita shirika. Waprotestanti wana vyumba vya maombi, kwaya na vikundi vya akina mama vinavyofanya kazi hiyohiyo. Katika maeneo ambako padri au mchungaji huweza kukaa wiki nyingi bila kufika kwa sababu ya barabara au mapigano, kikundi hiki ndicho Kanisa linaloonekana kila siku.

Jioni ya shirika haina makuu. Watu kumi au kumi na watano huja kwa mmoja wao, wakaketi juu ya mabenchi, mikeka na madumu ya njano. Katekista au kijana anayesoma vizuri husoma Injili kwa mwanga wa simu. Kimya kidogo hufuata, kisha kila anayetaka hutaja neno lililomgusa. Yanafuata maombi yenye majina: huyu ana homa, mtoto wa yule hajarudi kutoka machimboni Rubaya, bibi wa nyumba ya tatu amepata habari ya msiba na hakuweza kwenda kuzika. Mwishoni kila mmoja hutoa alichonacho, kikombe cha maharagwe, kipande cha sabuni au faranga kidogo, na wawili huchaguliwa kuvipeleka asubuhi kwa mgonjwa. Mgonjwa huyo anapofunguliwa mlango anajua kwamba jina lake lilitajwa.

Vita huvunja vikundi hivi. Februari 2025, baada ya Goma kutekwa mwishoni mwa Januari, kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji zilivunjwa, na watu wengi wa Masisi wakarudi kwenye vijiji ambavyo majirani zao wa zamani hawakuwepo tena. Anayejikuta peke yake namna hiyo hana haja ya kungoja parokia ijipange. Watu watatu wanatosha. Wakubaliane siku na saa, wasome kifungu kimoja, kila mmoja aseme neno, waombeane kwa majina, wachangie kidogo. Uaminifu wa kukutana una uzito kuliko ufasaha wa maombi. Na yaliyosemwa kwa siri yabaki hapo, kwa maana kikundi kinachotoa siri hakiponyi mtu.

Msiba usio na kaburi unahitaji uangalifu wa pekee. Wengi wamepotelewa na ndugu ambao mwili wao haukuonekana. Kukaa kilio kwa siku chache, kutaja jina la marehemu katika misa au ibada, na kusimulia maisha yake mbele ya jirani huwapa waliobaki mahali pa kuiweka huzuni yao.

Kujua maombi yanapohitaji daktari

Kuna huzuni inayopita uwezo wa kikundi. Mtu asiyelala kwa wiki kadhaa, anayeshtuka kana kwamba milio ya risasi inarudi, aliyeacha kula, asiyeweza kuamka kulea watoto, au anayesema heri afe, apelekwe kituo cha afya. Madaktari Wasio na Mipaka wamefanya kazi Masisi tangu 2007, na huduma ya afya ya akili imekuwa sehemu ya kazi yao huko. Mwanamke au mwanamume aliyebakwa afike hospitalini mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hutolewa katika muda huo. Hata aliyechelewa aende, kwa kuwa matibabu mengine bado yapo.

Kumpeleka mgonjwa hospitali hakupunguzi imani. Kumwambia aache dawa kwa sababu ameombewa ni hatari. Kumwita mchawi mtoto au mjane mwenye dalili za kiwewe ni dhambi juu ya dhambi. Kikundi kinachomsindikiza mgonjwa, kikamngojea nje na kuendelea kumwombea, kimefanya yote mawili yanayotakiwa.

Kupima ahadi

Wakati wa dhiki wahubiri wa ahadi za haraka huwa wengi. Wapo wanaotaja tarehe ya mwisho wa vita, na wapo wanaodai sadaka kubwa ili baraka ishuke. Jambo hili si geni. Katika Yeremia 28 nabii Hanania aliwaahidi watu kwamba utumwa wa Babeli ungeisha katika miaka miwili. Watu walipenda kusikia hivyo, lakini yalikuwa maneno ya uongo. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa barua ngumu zaidi, iliyo katika sura ya 29: muda utakuwa mrefu, hivyo wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji waliomo.

Neno la kweli huvumilia kucheleweshwa. Neno la uongo humwacha mtu amevunjika zaidi tarehe ikipita. Kipimo kingine kinatoka katika kitabu cha Ayubu. Rafiki zake walifanya vema walipokaa naye kimya siku saba. Walikosea walipofungua midomo kumwambia kwamba mateso yake ni adhabu ya dhambi. Anayemwambia mkimbizi kwamba nyumba yake ilichomwa kwa kukosa imani anarudia kosa lao, na mkimbizi ana haki ya kutompokea.

Kufanya kazi ya leo

Barua ya Yeremia inaagiza kazi. Moyo hurudi pia kwa njia ya mikono. Maharagwe huhitaji takriban miezi mitatu shambani, na mtu asiyejua kama atakuwepo siku ya kuvuna huona ni bure kupanda. Hata hivyo kupanda mstari mmoja wa lengalenga kando ya kibanda, kuwafundisha watoto kusoma chini ya mti wakati shule imefungwa, au kuingia likilimba ya akina mama, yaani mchango wa kupokezana, ni kuitii barua hiyo. Sala ya asubuhi yafaa imalizike kwa kutaja kazi moja ya siku hiyo, ndogo kiasi cha kumalizika kabla ya jua kuzama. Jioni itajwe tena kwa shukrani.

Kazi hiyo ni pamoja na kutenda haki palipojaa rushwa. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani, alikataa hongo ili asiruhusu chakula kilichoharibika kuuziwa watu. Aliuawa mwaka 2007. Juni 15, 2025, alitangazwa mwenyeheri mjini Roma, wakati mji wake ukiwa bado mikononi mwa M23. Vijana wengi wa Kivu huambiwa kwamba uaminifu hauna maana katika nchi iliyoharibika. Maisha yake ni jibu wanaloweza kulishika, kwa kuwa alikuwa mwenzao, mwenye kazi ya kawaida, aliyefikiria afya ya watu asiowajua.

Kumtia moyo mwingine, hata asiye wa kabila lako

Mtume Paulo, katika sura ya kwanza ya 2 Wakorintho, anakiri kwamba aliwahi kukata tamaa hata ya kuishi, na anasema faraja aliyopewa alipewa ili awafariji wengine. Hatua hii huwashangaza wengi, kwa sababu mtu hudhani lazima apone kwanza ndipo asaidie. Mjane anayemfundisha mjane mpya mahali pa kuchota maji na jinsi ya kupata kadi ya chakula ametoa faraja ambayo mhubiri hawezi kuitoa.

Huko Masisi na Walikale faraja hii hujaribiwa na ukabila. Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, Watembo na Wakumu husali katika makanisa yaleyale, na vita vimepita katikati ya makanisa hayo. Monasteri ya Watrapisti ya Mokoto, iliyoanzishwa 1954 katika vilima vya Masisi, ilishambuliwa Mei 1996 pamoja na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama. Mamia waliuawa, na watawa wakalazimika kuondoka. Baadaye watawa walirudi Mokoto na kuendelea na sala.

Imani inayomtia mtu moyo huku ikimchochea amchukie jirani humrudisha katika vita vilevile vilivyomvunja. Kwa hiyo maombi ya shirika yataje pia majina ya upande wa pili, na kikombe cha maharagwe kifike kwenye nyumba inayozungumza lugha nyingine. Familia inayopokea wakimbizi wasio wa kabila lake, na mkimbizi anayemwombea mwenyeji wake, wameanza kuishi amani ambayo makubaliano ya wakubwa bado hayajaifikisha kijijini.