SOMO LA FAMILIA: Mkubwa Anapoamuru Lililo Baya

Masomo: Kutoka 1:15-21; Mathayo 27:24; Matendo 5:29



Wengi wetu tunaijua Grande Barrière, pale Gisenyi inapopakana na Goma. Tulipita tukiwa na mzigo kichwani na mtoto mkononi. Mwenye sare akisema pita, unapita. Akisema rudi, unarudi. Kutii namna hiyo si dhambi. Warumi 13 inatufundisha kuheshimu wenye mamlaka.

Lakini katika mji huohuo, Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walisimama kwenye bariyeri wakaomba vitambulisho na kuua majirani zao. Wengi wao walikuwa wakulima na wafanyakazi wa kawaida. Wengi walikuwa wamebatizwa. Kwa nini walitii?

1. Walimwachia mkubwa lawama. Wengi walisema baadaye, "Tuliamriwa." Pilato naye alinawa mikono, lakini maji hayakumwondolea hukumu aliyoitoa.

2. Jambo baya lilipewa jina zuri. Kuua kuliitwa "kazi". Neno likibadilishwa, dhamiri inalala.

3. Walianza na kidogo. Leo unaandika majina, kesho unalinda njia, kesho kutwa unashika panga. Aliyekubali hatua ya kwanza huona aibu kukataa ya pili.

4. Waliogopa kuwa peke yao. Wengine waliogopa kufa, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Wengine walitamani mali ya jirani, wakajificha nyuma ya amri.

Tusiseme ni ugonjwa wa nchi moja. Mwaka 1961 huko Marekani, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Yale, Stanley Milgram, aliwaambia watu 40 wampige mtu umeme kila akikosea jibu, wakiongeza nguvu kila mara. Umeme haukuwa wa kweli, ila wao hawakujua. Watu 26 walifika mwisho, kwa sababu tu msimamizi aliwaambia waendelee. Lakini wengine 40 walipowekwa pamoja na wenzao wawili waliokataa, ni 4 tu waliofika mwisho. Tazameni, wapendwa: mtu akiona mwenzake anakataa, naye hupata nguvu.

Gisenyi ilikuwa na mtu wa namna hiyo. Félicité Niyitegeka, Mhutu, alihudumu katika Kituo cha Mtakatifu Petro cha Kanisa Katoliki. Aliwaficha Watutsi na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Goma. Kaka yake, aliyekuwa afisa wa jeshi, alimtaka aondoke ajiokoe. Akamjibu kwa barua kwamba afadhali afe pamoja na watu aliokuwa akiwatunza. Tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja nao. Leo Rwanda inamhesabu kati ya mashujaa wake wa daraja la Imena.

Hatukumwandika hapa ili kila mtu atafute kifo. Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania, walikataa amri ya Farao kwa akili, nao wakaishi. Kukataa kuna njia nyingi: kuchelewa, kuficha, kuonya, kunyamaza unapoulizwa jirani yuko wapi.

Na sisi hapa? Huenda hatutapewa panga. Lakini kiongozi anaweza kusema: futa jina la mjane huyu kwenye orodha ya chakula. Kijana anaweza kuambiwa na wakubwa wa kundi: twende tukamfundishe adabu mtu wa kabila lile. Hapo ndipo hatua ya kwanza ilipo.

Baba na mama, tunawafundisha watoto kutii, na ni vema. Tuwafundishe pia kusema, "Hapana, baba, hilo siwezi." Mtoto asiyewahi kuruhusiwa kuuliza nyumbani, atamuuliza nani barabarani?

Maswali ya kuzungumza nyumbani
a) Ni lini nilitii jambo ambalo moyo wangu ulikataa?
b) Ni nani ninayeweza kusimama naye siku ya kukataa? Mwendee wiki hii, mkubaliane mapema.
c) Mitume walipokatazwa na baraza, walimtii nani kwanza?

Tuombe: Bwana, utupe masikio ya kusikia wakubwa wetu, na moyo usiosahau kwamba wewe u juu yao. Amina.