Dondoo Muhimu: Bando Dogo, Kazi ya Kikundi

Kikundi cha mazingira au cha haki za wakulima pale Hale, kando ya mto Pangani, hakihitaji tovuti ya gharama ili kianze kazi.

• Takwimu kwanza. Mpango wa msingi wa KoboToolbox, zana ya kukusanya takwimu kwa dodoso, ni bure kwa asasi zisizo za faida. Andaeni dodoso kwa Kiswahili, lipakueni kwenye simu ya Android, kisha ingieni nalo hadi mashamba ya mkonge hata pasipo na mtandao. Majibu hukaa kwenye simu. Mkifika penye intaneti, yatumeni. Dodoso liwe fupi. Mama aliyesimama na ndoo kichwani hana muda wa maswali arobaini, na mkimlazimisha atajibu lolote ili mumwachie aende.

• Fedha. M-Koba, huduma ya Vodacom ya akiba ya vikundi, hutumika hata kwenye kitochi. Wanachama hupata ujumbe mchango unapoingia, na minong'ono juu ya mweka hazina hupungua.

• Ramani. Ushahidi, iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, huweka taarifa za wananchi kwenye ramani. Kwa kata moja ni mzigo tu, naona; kundi la WhatsApp lenye msimamizi mkali linatosha.

• Siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu pia. Msirushe kundini majina wala namba za walalamikaji. Nenosiri la akaunti ya kikundi walijue viongozi wawili, ili katibu akihamia Dar es Salaam asiondoke nayo.